Filamu ya mtaa wako: kutoka barazani mpaka barazani

Filamu yangu ya kwanza kuhusu mji ilikuwa na kila kitu: milango ya njumu, jahazi likipita jua linapozama, paka wa Shangani kajilaza juu ya baraza, na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, ikilia tangu mwanzo hadi mwisho. Dakika tisa. Nikawaonyesha watu wa mtaani kwetu Ng'ambo, ukutani, kwa projekta ya kuazima. Walitazama kwa adabu. Ilipokwisha, jirani yetu mmoja, mtu mzima, akaniuliza: "Hii ni ya hoteli gani, mwanangu?"

Hakukusudia kunikejeli. Aliuliza kweli, na ndiyo maana ikauma.

Tangu hapo nina kipimo kimoja: filamu ya mtaa lazima uweze kuirudisha kwenye baraza ile ile uliyoipigia, ukakaa pale na walioonekana ndani yake, na kesho yake bado ukasalimiwa. Mambo yote ya hapa chini, tangu kibali mpaka uhariri, mimi huyapima kwa hilo. Namwandikia anayeishi mjini Unguja, mwenye simu inayopiga picha vizuri, na jioni zake za miezi miwili mitatu. Wa Wete au Chake Chake atabadilisha majina ya mitaa tu. Tunakwenda kutengeneza filamu ya hali halisi ya dakika 10 hadi 15, kuhusu kuwa mtu wa pahala.

1. Upunguze mji

Anayeanza husema, "Nataka kutengeneza filamu ya Zanzibar." Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Hao hawaingii kwenye dakika kumi na mbili. Kichochoro kimoja kinaingia, tena kwa taabu.

Tazama hata majina ya mji wetu. Ng'ambo ni ng'ambo ya nini? Ya hori, mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na upande wa pili. Hori likafukiwa, barabara ikapita juu yake, na Darajani ikabaki na jina la daraja ambalo halipo. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kila mgeni anayeshuka bandarini anauelekezea kamera. Upande wa pili wa barabara, wanakolala watu wengi zaidi, kamera huwa chache. Sisemi usipige Mji Mkongwe. Nasema ukiupiga, piga Mkunazini anayoijua muuza mkate, si ile ya kwenye kadi za posta.

Majumba ya Michenzani nayo yana mtego wake. Yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, na jumba refu linakaribia mita 300. Ukisimama barabarani ukalipiga lote, utapata saruji. Chagua ngazi moja. Ngazi moja ina milango inayotazamana, ndoo zinazopandishwa, mtoto anayetumwa dukani mara tatu kwa saa, na ugomvi wa zamu ya kufagia.

Pahala pazuri pana mambo matatu. Watu wale wale hurudi kila siku. Kuna kitu kinabadilika, au kinatishia kubadilika: nyumba inauzwa, fundi anastaafu, mti unakatwa. Na wewe unaweza kufika kwa miguu. Hili la mwisho wengi hulidharau, lakini utarudi pale mara ishirini au thelathini, na nauli ya daladala si kitu kikubwa ukilinganisha na uvivu wa siku ya jua kali.

2. Tafuta vitendo, usitafute hisia

Kwetu ukikutana na kijana usiyemjua, mara nyingi swali la kwanza si jina lake. Ni "Wewe mtoto wa nani?" Hapo ndipo ilipo mada ya kuwa mtu wa pahala, na kila mtu mjini ameshaulizwa. Tabu ni kwamba kamera haioni "kuwa wa pahala". Inaona mikono, miguu, nani kakaa na nani kasimama. Kwa hiyo kabla hujapiga chochote, ligeuze wazo lako kuwa orodha ya vitendo. Nani huachiwa ufunguo? Nani huarifiwa kwanza pakitokea msiba? Nani anaingia ukumbini baada ya hodi moja, na nani anasubiri nje mpaka aitwe?

Mfano ninaoupenda ni daftari la deni la dukani. Kurasa zake zimelowa mafuta pembeni, kalamu imefungwa kwa uzi, na ndani kuna majina ambayo hayako kwenye kitambulisho chochote: Mama Fulani wa juu, Fundi, Mpemba, Kipara. Muuza duka mmoja aliniambia kwamba mgeni wa mtaa hukaa miezi akilipa taslimu, mpaka siku mtu amdhamini kwa mdomo, ndipo anaandikwa. Siku hiyo ya kuandikwa ni tukio. Ukiipata kwenye kamera, huna haja ya mtaalamu wa kukueleza jamii ni nini. (Majina na hesabu za watu usizionyeshe karibu. Deni ni siri ya mtu.)

Andika vitendo kumi. Vitano vitakufa ukianza kazi, na vingine ambavyo hukuviota vitajitokeza.

3. Kaa wiki mbili bila kamera

Najua hutaki kusikia hili. Lakini ukitokeza barazani na kamera siku ya kwanza, utapiga watu wanaojua wanapigwa: wamenyoosha kofia, wamekaa kama wako studio. Nenda mikono mitupu. Toa salamu kamili, usirushe salamu huku unapita. Shikamoo kwa wakubwa, kaa pembeni, kunywa kahawa, lipa siku moja na ya pili ukubali kulipiwa. Ukicheza dhumna au bao vibaya ni bora zaidi, watakufundisha.

Ukirudi nyumbani andika ulichoona kwa saa yake. Hiki ni kipande cha daftari langu la Kikwajuni:

"Saa 10 na robo. Muuza kahawa anatokea upande wa msikiti. Dele mkono wa kushoto, makaa chini yake. Mkono wa kulia vikombe viwili, anavigonganisha. Hatamki neno. Kabla hajafika, wazee wawili wameshasogea kumpa nafasi. Anammiminia kwanza aliyekaa karibu na nguzo, wala hamwulizi. Wa pili hamwulizi. Kijana aliyeegemea baiskeli anaulizwa: Utakunywa?"

Siku ya kwanza niliona watu wanakunywa kahawa. Siku ya tano ndipo nilipoona kwamba wapo wanaoulizwa na wapo wasioulizwa. Filamu ilianzia kwenye hilo "Utakunywa?", na nisingelisikia kama ningekuwa nashughulika na chaji ya kamera.

Katika wiki hizo mbili fuatilia pia ratiba. Adhana zinaugawa mchana wa mtaa, na watu wa baraza wa baada ya alasiri si wale wa baada ya Isha. Mwezi wa Ramadhani kila kitu kinapinduka: mchana kimya, usiku mji mzima uko nje. Masika, Machi hadi Mei, usipange siku nyingi za kupiga nje. Kaskazi, Disemba hadi Machi, anga ni safi lakini simu itachemka juani mpaka ijizime yenyewe.

4. Ridhaa na vibali, kabla ya kubonyeza kitufe

Anza na sheha. Kila shehia ina sheha wake, na kijana anayerekodi bila sheha kujua ataulizwa na mtu wa tatu au wa nne anayepita. Mweleze unachofanya, wapi, kwa muda gani, umwachie nambari yako. Kisha Baraza la Sanaa, Sensa, Filamu na Utamaduni Zanzibar, watu huliita BASSFU, ndilo linalosimamia filamu hapa. Nenda ofisini kwao na maelezo ya ukurasa mmoja, uulize kibali na ada ya kazi ya aina yako kabla ya kuanza, maana filamu ya mwanafunzi na ya kampuni ya nje hazipimwi kwa mizani moja. Ukipiga ndani ya majengo ya kihistoria ya Mji Mkongwe, ulizia pia kwa mamlaka inayouhifadhi. Bandari, uwanja wa ndege, kambi na majengo ya vyombo vya ulinzi usiyaelekezee lenzi hata kwa bahati mbaya.

Droni inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege wa Kisauni hauko mbali na mji. Mimi siipendi kwa kazi hii hata ikiruhusiwa. Uani ni chumba kisicho na paa. Wanawake wanapika, wanafua, wanasukana nywele humo bila ya mtandio. Droni ni mtu anayechungulia juu ya ukuta.

Hayo ni ya ofisini. Ridhaa ya watu ndiyo kazi yenyewe.

Nilikuwa nampiga fundi cherehani kwenye baraza ya nyumba yake. Mwanga ulikuwa mzuri, mkono wake unasukuma kitambaa, sindano inapanda na kushuka. Mlango wa nyumba nyuma yake ulikuwa wazi. Kwa sekunde nne, ndani kabisa, anaonekana binti yake anakatiza uani kichwa wazi. Mimi sikumwona, macho yangu yalikuwa kwenye sindano. Aliyemwona ni mama yake, nilipompelekea klipu kwenye simu kabla filamu haijafika popote. Akasema kwa upole, "Hii, baba, haiendi." Haikwenda. Ndiyo ilikuwa klipu yangu bora ya mkono wa fundi, na nyingine sikuwa nayo.

Tangu siku ile, kabla ya kubonyeza kitufe naangalia pembe nne za fremu, kisha milango na madirisha ya nyuma, kisha ndio namwangalia mtu ninayempiga. Fanya hivyo mpaka iwe kama kuangalia barabara kabla ya kuvuka.

Ridhaa yenyewe irekodi kwa sauti na picha, kwa maneno ya mtu mwenyewe, na uigawe mara tatu: ionyeshwe barazani, ionyeshwe kwenye matamasha, iwekwe mtandaoni. Wengi hufungasha yote pamoja kwenye karatasi moja ambayo mtu anaitia saini kwa kukuonea haya. Bibi mmoja alinikubalia barazani na tamashani, mtandaoni akakataa katakata. Kwa hiyo nina matoleo mawili ya filamu ile, na si shida. Mwambie kila mmoja pia tarehe ambayo mpaka kufika hapo anaweza kubadilisha mawazo, na siku hiyo isifike kabla hajaiona filamu.

Watoto: ruhusa ya mzazi, hata kama mtoto mwenyewe ndiye anayekuvuta shati umpige. Msikitini: ruhusa ya imamu, na kamwe usimpige mtu usoni anaposali. Arusini: upande wa wanawake simu inabaki mkobani. Msibani: nenda kama jirani, kamera iache nyumbani. Na baraza nyingine ni maskani ya chama. Wakati wa uchaguzi, bendera moja nyuma ya mzee anayeeleza habari za kisima inaweza kuigeuza filamu yako kuwa kitu kingine. Geuza kiti.

5. Vifaa

Sehemu hii watu huipenda kuliko zote, nami nitaipita haraka. Simu yako inatosha. Pesa ya kwanza nunua maiki ya kubandika kifuani, ya pili tripodi, ya tatu pawabenki. Rekodi kwa ubora wa picha wa 1080p. Ule mkubwa zaidi, 4K, unajaza simu na hakuna atakayeujua ukutani kwa projekta ya kuazima. Saa moja ya 1080p hula takriban gigabaiti 4 hadi 8 kutegemea simu, basi safisha nafasi kabla ya kutoka. Chukua kitambaa laini: ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi ukaingia joto la nje, lenzi itashika ukungu, na dakika kumi za mwanzo zitaonekana kama ndoto.

6. Kupiga picha

Weka fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50. Ukiweka vinginevyo, taa za dukani zinaweza kumemeteka kwenye picha hata kama macho yako hayazioni.

Kila shoti ishike sekunde kumi bila kutikisika. Hesabu kimoyomoyo. Anayeanza hushika sekunde tatu, anahama, anavuta karibu, anarudi, na kwenye uhariri hana hata kipande kimoja cha kukata. Kwa kila kitendo chukua picha pana ya pahala, picha ya kati ya mtu, picha ya karibu ya mikono, picha ya karibu ya uso wa anayetazama, na moja kutoka nyuma ya bega lake. Kahawa ile ya Kikwajuni ilinichukua jioni nne kuzipata picha zote tano, kwani sikutaka kumwambia muuza kahawa arudie. Akirudia mara ya pili atamwuliza kila mtu "Utakunywa?", kwa adabu ya kamera, na habari yote imekwisha.

Kuhusu mwanga, vitabu vitakwambia upige asubuhi na jioni. Kwa Ng'ambo ni sawa: kabla ya saa 2 asubuhi na baada ya saa 10 jioni, mabati hayaungui na nyuso hazina kivuli machoni. Vichochoro vya Mji Mkongwe vina sheria yao. Asubuhi ni giza, jua halijashuka. Mchana ndipo linapopiga ukuta wa chokaa juu na mwanga ukaanguka chini kwa upole, kama umepita kwenye pazia. Jaribu Kiponda au Hurumzi saa 6 mchana. Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu na ushikilie, ili simu isibadilishe mwanga kila anapopita mtu mwenye kanzu nyeupe.

Na kaa chini. Baraza ni ya kukaa. Ukiipiga umesimama, watu wote wanaonekana wamekosa kitu.

7. Sauti

Mtazamaji husamehe picha ya ukungu. Sauti mbaya hasamehi. Na mji wetu una kelele zinazojificha. Sikio lako limeshazoea feni, maiki haijazoea. Kabla ya kuzungumza na mtu ndani, zima feni, zima friji, na utie ufunguo wa nyumba yako ndani ya friji. Huwezi kuondoka bila kukumbuka kuliwasha tena, na samaki wa watu hawataoza.

Nyumba za mawe za zamani zina kuta nene zinazozuia mtaa, lakini chumba kitupu kinarudisha mwangwi. Tandika mkeka, tundika kanga mbili nyuma yako. Chini ya mabati mvua ikianza, funga kazi, hakuna ujanja. Adhana ikiadhiniwa nyamaza, acha maiki iendelee kurekodi. Kwanza ni adabu, pili utapata adhana safi ya msikiti wa mtaa huo, na watu wa mtaa wanamjua mwadhini wao kwa sauti. Niliwahi kutia adhana ya pahala pengine kwa sababu ilikuwa safi zaidi. Watu watatu waliniambia siku ile ile.

Kila pahala rekodi dakika mbili za pahala penyewe, bila mazungumzo: vikombe, dhumna zinapopigwa mezani, honi ya bodaboda, mtu anaitwa kwa juu dirishani. Hizo ndizo utakazozilaza chini ya picha badala ya muziki. Redio ya dukani iombe ipunguzwe. Nyimbo ina mwenyewe, na ukiiweka filamu YouTube mtambo wao unaweza kuitambua na kukuwekea dai. Ukitaka taarab kweli, mwombe mpiga udi wa mtaani akupigie, mwandikiane.

8. Kuzungumza na watu

Usimwulize mtu, "Unajisikiaje kuwa mkaazi wa Mwembetanga?" Atakujibu, "Alhamdulillahi, vizuri," na ana haki. Mfungie swali kwenye jambo. Kila mtu wa Unguja aliyekuwa na fahamu zake anakikumbuka kiza cha tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, umeme ulipokatika kisiwa kizima. Uliza: "Kiza kile, maji mlikuwa mkichota wapi? Nani alikuwa na jenereta? Simu mlichajia kwa nani?" Utapewa ramani nzima ya ujirani, nani alimfaa nani, nani alifunga mlango. Kwa wazee zaidi uliza sinema: Majestic ya Vuga, Cine Afrique ya Malindi, Empire ya Darajani. Mlikwenda na nani, mlipita njia gani, tiketi nani alinunua? Mama mmoja alianza na filamu ya Kihindi akamalizia na jinsi walivyokuwa wakivuka Darajani kwa kundi, baibui kumi na mbili na kijana mmoja wa kuwasindikiza. Kwake kuwa wa mtaa ilikuwa ni kuhesabiwa katika lile kundi.

Mwambie mtu aanze jibu kwa kulitaja jambo, kwani sauti yako utaikata. "Wakati wa kiza sisi tulikuwa..." na si "Pale kwa jirani." Akimaliza, usikimbilie swali la pili. Hesabu mpaka tano kimya. Mara nyingi analosema baada ya kimya ndilo alilokuwa akilizunguka.

Na wasikilize wasiokuwa na kiti. Mtaa wa mjini hauna wenyeji watupu: yuko aliyekuja kutoka Pemba, wa Makunduchi anayerudi kwao kila Mwaka Kogwa, kijana wa bara anayesukuma mkokoteni, Mgoa aliyezaliwa hapa ambaye bado anaulizwa kwao wapi. Aliyezaliwa kwenye baraza hawezi kukueleza baraza ni nini. Yule wa kwenye baiskeli anaweza.

9. Kuhifadhi na kuhariri

Usiku ule ule hamisha kazi: nakala tatu, kwenye vitu viwili tofauti, na moja ilale nyumba nyingine. Mimi huiweka kwa dada yangu. Simu zinaanguka baharini, kompyuta zinaungua umeme ukirudi kwa kishindo.

Kisha tazama kila ulichokipiga, chote, na andika kwenye karatasi kilichokufanya ucheke au unyamaze. Anza na hivyo tu. Kwa kuhariri, programu ya CapCut kwenye simu inatosha. Ukiwa na kompyuta nzuri, DaVinci Resolve ina toleo la bure.

Mpangilio rahisi ni siku moja: mtaa unaamka, unalala, na kati yake swali lako linazidi kukolea. Siku hiyo utaiunga kwa jioni thelathini, si uongo, ndivyo kazi ilivyo. Lakini jihadhari na jiografia. Dziga Vertov, mtengeneza filamu wa Kisovieti, alipotoa filamu yake ya mji mwaka 1929, mji ule haukuwapo: aliunga vipande vya Moscow, Kyiv na Odesa vikawa kama pahala pamoja. Ilifaa kwa alichotaka. Barazani kwetu mtu akikunja kona Kikwajuni akatokea Vikokotoni, watazamaji wote watasema kwa pamoja, "Hapo hapatokei hapo," na kuanzia hapo hawakuamini tena.

Toa sauti ya msimulizi kama unaweza. Ukihitaji kueleza jambo, mwachie mtu wa mtaa alieleze kwa Kiswahili chake. Usimsahihishe: tungule ibaki tungule, skuli ibaki skuli. Ukiandika maandishi ya chini kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni, yasizidi mistari miwili, kila mstari herufi 42 au pungufu, na mtu anayejua lugha zote mbili ayapitie. Maneno ya utani mara nyingi ndiyo yanayoharibika kwanza.

Ukifika dakika ishirini, kata mpaka kumi na tano. Jahazi la jua kuzama ndilo la kwanza kwenda.

10. Irudishe barazani

Majira ya joto ya 1960, Wafaransa wawili, Jean Rouch na Edgar Morin, walikwenda na kamera mitaani Paris, watu wakiulizwa swali moja: una furaha? Kisha wakawaita walioonekana, wakawaonyesha picha zao wenyewe, na ubishi uliozuka wakautia ndani ya filamu, ikatoka 1961. Wapo waliosema hii kweli, wapo waliosema huyu anaigiza. Mimi naona ule ubishi ni wa thamani kuliko majibu ya barabarani, na ndiyo sababu sionyeshi filamu iliyokwisha. Naonyesha ile inayokaribia kwisha, nikiwa bado naweza kuikata.

Kwanza peleka kwa kila mtu nyumbani kwake, aone kipande chake kwenye simu, peke yake au na aliyemtaka. Hapa ndipo mama wa yule binti aliponiokoa. Ukimaliza mzunguko huo, panga usiku. Muda ni baada ya sala ya Isha, kama saa 2 na nusu. Mwarifu sheha. Ukuta wa chokaa unatosha. Ukuta ukiwa na rangi, tundika shuka nyeupe na uivute kwa mawe chini isipepee. Spika moja kubwa ni bora kuliko mbili mbovu. Tandika mikeka pembeni ambapo wanawake wanaweza kukaa na kuona vizuri bila ya kupita katikati ya wanaume, au ufanye maonyesho mawili. Na angalia ratiba ya mpira. Usiku wa Simba na Yanga utaitazama filamu peke yako na paka.

Usitoe hotuba. Ikimalizika, washa taa, acha kahawa ipite, na wewe kaa na daftari. Andika walipocheka ambapo hukutegemea, walipoanza kuzungumza wenyewe kwa wenyewe, na nani aliondoka. Kwa filamu ya kahawa, yule kijana wa baiskeli alikuwepo, nyuma kabisa, kasimama kama kawaida yake. Ilipofika "Utakunywa?" watu waligeuka kumtazama, na mzee wa kwenye nguzo akasogea kidogo. Sikuwa na kamera. Sikutaka kuwa nayo.

Baada ya kurekebisha, ndipo uipeleke nje. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar au Tamasha la Nchi za Jahazi, limekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 na Ngome Kongwe ndiyo nyumbani kwake. Soma masharti yao ya mwaka husika mapema, kwani dirisha la kupeleka filamu hufungwa miezi kabla ya maonyesho. Usiiweke mtandaoni kabla hujayasoma, maana yapo matamasha yanayokataa filamu iliyokwisha kuonekana hadharani. Na ipeleke skuli ya mtaa wenu, wakikukubalia, walimu hukosa vitu vya kwao vya kuonyesha.

Mwisho wa usiku kunja mikeka, rudisha projekta, acha nakala moja kwenye flashi kwa muuza duka, na aliyekupa waya wa umeme mrudishie tukuza (umeme wa kulipia kabla) uliyotumia, hata akikataa.